Chumvi na Madirisha ya Leza

Kila mtu wa Masieda aijua chumvi ya Balangida. Huletwa mnadani katika magunia, nayo ina rangi ya kijivu kwa ajili ya tope la ziwani. Nyingine hununuliwa kwa ajili ya chungu na nyingine kwa ajili ya ng'ombe. Ni wachache, nadhani, wanaojua kwamba kitu kile kile, kikisafishwa na kukuzwa kwa uangalifu, kiliwahi kuwa dirisha la mashine zenye mwanga mkali kupita taa zote. Katika makala haya nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyokuwa, kwa nini chumvi ilifaa pale ambapo kioo kilishindwa, na kwa nini wataalamu wamehangaika miaka mingi kutafuta fuwele zisizofyonza mwanga.

Kwanza leza yenyewe. Taa ya chemli hutupa mwanga wake pande zote, na mwanga huo ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Leza hutoa mwanga wa wimbi moja tu, na mawimbi yake huenda pamoja kama askari wanaopiga hatua moja, hata mwanga hauwi na haja ya kutawanyika. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwezi wa Mei 1960, naye alitumia kijiti cha yakuti nyekundu. Watu wa mkoa wa Arusha wakisikia hivyo hufikiri habari za yakuti za Longido. Lakini yakuti ya Maiman ilitengenezwa na watu, haikuchimbwa, kwa sababu jiwe la ardhini aghalabu huwa na mawaa ndani yake. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo dogo, kwani litarudi.

Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, alitengeneza leza ya namna nyingine. Yeye hakutumia jiwe, bali hewa ya kaboni dayoksaidi, ile ile tuitoayo puani. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Urefu wa wimbi lake ni maikromita 10.6, yapata mara 20 ya wimbi la mwanga wa kijani, na sisi huuhisi kama joto tu. Leza hiyo haikukawia kuwa na nguvu nyingi, na siku hizi hukata chuma, mbao na nguo viwandani.

Hapo ndipo taabu ya dirisha ilipoanza. Hewa ya leza hufungwa ndani ya bomba, nayo si hewa ya kawaida, bali ni mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi, naitrojeni na heli, tena kwa kawaida kwa mgandamizo mdogo. Bomba lisipofungwa, hewa ya nje itaingia na leza itazimika. Lakini likifungwa kwa chuma, mwanga utatokea wapi? Sharti mwisho mmoja uwe na kitu kinachozuia hewa na kuruhusu mwanga.

Mtu angesema, basi tieni kioo. Hebu tupige hesabu kidogo, maana hapa hesabu hueleza vizuri kuliko maneno. Chukua kipande cha kioo cha mviringo chenye upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Uzito wake ni yapata gramu 49, nacho huhitaji kama jouli 41 ili kipande kizima kipande digrii moja. Sasa kipige kwa leza ya wati 1,000. Sehemu ndogo ya mwanga itarudi nyuma, na iliyobaki yote itafyonzwa na kioo, kwani kwa wimbi la maikromita 10.6 kioo ni kama ukuta wa udongo. Zigawanye zile wati zilizofyonzwa kwa jouli 41, nawe utapata zaidi ya digrii 20 kila sekunde. Na joto hilo halienei kwa utaratibu, bali hukaa usoni mwa kioo, upande ule uliopigwa. Kioo kitapasuka kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi.

Mbona basi kioo kinachopitisha mwanga wa jua kikatae mwanga huu? Jibu liko katika mitikisiko ya atomu. Wale waliowahi kupiga zeze wanajua kwamba uzi mwembamba uliokazwa sana hutetema upesi na kutoa sauti nyembamba, na uzi mnene uliolegea hutetema polepole. Atomu zilizoungana ni hivyo hivyo. Katika kioo, silikoni na oksijeni zimeshikamana kwa nguvu, na oksijeni ni nyepesi. Kwa hiyo hutetema upesi, na mtetemo wao hupatana na mwanga wa wimbi la yapata maikromita 9, ambayo si mbali na 10.6. Mwanga unaopatana na mtetemo humezwa, ukageuka kuwa joto.

Katika chumvi mambo ni mengine. Chumvi ni sodiamu na klorini, nazo zimepangana kwa safu kama masanduku ya mraba, kila sodiamu ikizungukwa na klorini sita na kila klorini ikizungukwa na sodiamu sita. Vifungo vyake ni dhaifu kuliko vile vya kioo, na klorini ni nzito. Uzi wake umelegea. Mtetemo wa chumvi hupatana na mawimbi marefu ya yapata maikromita 60, mbali sana na 10.6. Hata hivyo chumvi hufyonza kidogo, na hili nalo lina sababu yake. Mwanga huja kwa mafungu yasiyogawanyika. Fikiri mtu amekuja mnadani na noti moja kubwa, wala hakuna mwenye chenji, naye anataka mbuzi. Mwuzaji mmoja hawezi kuipokea noti ile. Lakini wauzaji kadhaa wakisimama pamoja kwa dakika ile ile, kila mmoja na mbuzi wake, biashara itafanyika. Chumvi nayo sharti itikise mitetemo kadhaa kwa mara moja ili imeze fungu moja la mwanga wa leza ya Patel, na jambo hilo hutokea kwa nadra. Kadiri mitetemo inayohitajiwa inavyozidi, ndivyo nadra yake inavyozidi, tena mara nyingi zaidi kwa kila hatua.

Habari hizi hazikuanza na leza. Mwitaliano Macedonio Melloni, katika miaka ya 1830, ndiye aliyeonyesha kwamba chumvi ya mwamba hupitisha mionzi ya joto vizuri kuliko kioo, naye akatengeneza vifaa vyake kwa chumvi. Baadaye John Tyndall, huko London, alipotaka kujua ni hewa zipi zinazozuia joto, alichukua bomba refu la shaba nyeupe na kuziba miisho yake kwa mabamba ya chumvi. Katika mwaka 1859 alianza kupima, akaona kwamba mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi hufyonza joto, bali oksijeni na naitrojeni huliacha lipite karibu lote. Kila tunapozungumza juu ya dunia kuzidi kupata joto, twazungumza juu ya jambo lililoonekana kupitia madirisha ya chumvi. Na mimi hustaajabu kwamba hewa ile ile iliyomeza joto katika bomba la Tyndall ndiyo iliyotoa mwanga katika bomba la Patel.

Sasa tulirudie dirisha letu la sentimita 5, safari hii la chumvi safi. Chumvi safi hufyonza kama sehemu moja katika elfu ya mwanga huo kwa kila sentimita ya unene. Katika wati 1,000 inabaki na wati moja tu. Uzito wake ni gramu 43 hivi, na jouli 36 zatosha kuipandisha digrii moja. Kwa hiyo itapanda digrii moja kwa sekunde 36, hata kama haipozwi. Tofauti na kioo ni kubwa mno. Kwa leza ndogo, hiyo yatosha kabisa.

Lakini leza hazikubaki ndogo. Kwa leza ya wati 10,000 dirisha lile lile litapanda digrii 17 kila dakika, na hapo mambo mawili hutokea. La kwanza ni kwamba katikati hupata joto kuliko pembeni, kwa kuwa pembeni hupozwa na chuma kinacholishika. Katikati hufutuka, pembeni hubana, na chumvi, ambayo ni laini na dhaifu, hupasuka. La pili ni la siri zaidi: dirisha lililofutuka katikati huwa lenzi. Mwanga uliokusudiwa kukusanyika mahali fulani hukusanyika pengine, na fundi aliyepanga kukata bamba huona leza yake haikati, wala hajui kwa nini. Katika jambo hili chumvi ina sifa moja ambayo haitajwi mara nyingi. Ikipata joto unene wake huongezeka, lakini nguvu yake ya kupinda mwanga hupungua, na mambo hayo mawili huondoana kwa sehemu.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Jeshi la Anga la Marekani lilitoa fedha nyingi kwa utafiti wa madirisha, kwa kuwa lilitaka leza kubwa kwa ajili ya vita. Nasema wazi kwamba sipendi shabaha ile, lakini kazi iliyofanyika ilikuwa kazi ya kweli ya sayansi, na matunda yake yameingia viwandani na hospitalini. Wataalamu waliigeukia ndugu ya chumvi, yaani potasiamu kloridi, ambayo wakulima huiona katika mbolea. Potasiamu ni nzito kuliko sodiamu, mtetemo wake ni wa polepole zaidi, na kwa hiyo wale wauzaji wa mnadani wanaotakiwa kusimama pamoja ni wengi zaidi. Ikiwa safi kabisa hufyonza chini ya sehemu moja katika elfu kumi, au karibu na hapo. Dirisha letu la sentimita 5 likiwa la potasiamu kloridi, kwa leza ya wati 1,000 lingehitaji dakika nne na nusu kupanda digrii moja.

Taabu yote ilikuwa katika neno hilo "safi kabisa". Unyevu kidogo ulionaswa ndani ya fuwele, kabonati kidogo au salfeti kidogo, nao ufyonzaji waongezeka mara nyingi. Dawa waliyoiona ni kuiyeyusha potasiamu kloridi, ambayo huyeyuka kwa digrii 770 hivi, na kupitisha juu yake mvuke wenye klorini, ili klorini ifukuze oksijeni na hidrojeni zilizojificha. Kisha fuwele ndogo hushushwa hata iguse uso wa uji huo wa moto, ikavutwa juu polepole huku ikizungushwa, nayo hukua kama mshumaa unaochovywa katika nta. Njia hiyo ya kuvuta ni ya Jan Czochralski, aliyeigundua mwaka 1916, na Kyropoulos alionyesha njia nyingine mwaka 1926, ambayo fuwele hukua ndani ya chungu chenyewe kinapopozwa. Fuwele iliyokua hivyo ni laini, hukatika kwa urahisi. Basi waliipasha moto na kuigandamiza kwa mashinikizo hata fuwele moja kubwa ikawa chembe ndogo nyingi zilizoshikana, nayo ikawa ngumu zaidi bila kupoteza uangavu. Wahunzi wa Kidatoga wanaofua chuma wasingeshangaa kusikia kwamba kitu hupata nguvu kwa kupondwa kingali moto.

Mjomba wangu, ambaye hununua chumvi Balangida na kuiuza minadani, nilipomweleza haya aliniuliza kama gunia lake lingeweza kuuzwa kwa Wazungu wa leza. Swali lake lilistahili kujibiwa kwa vipimo, si kwa porojo, na kwa hiyo tulileta chumvi kidogo katika chama chetu cha sayansi hapa shuleni. Tuliiyeyusha katika maji, tukaichuja tope, kisha tukatia matone ya asidi hidrokloriki. Ilitoa mapovu mengi, ndiyo kusema ina magadi, jambo ambalo kila mama anayepika makande alilijua kabla yetu. Tulitia asidi hata mapovu yakakoma, maana asidi hiyo huigeuza magadi kuwa chumvi ya kawaida. Katika sehemu nyingine ya maji hayo tulitia bariamu kloridi, ikatokea mashapo meupe: ishara ya salfeti. (Bariamu ni sumu, na sehemu hiyo tuliitupa kama mwalimu alivyoagiza.)

Sasa salfeti hufyonza mwanga wa yapata maikromita 9, na kabonati hufyonza mahali pengi, pamoja na maikromita 11 na kidogo. Mwanga wa leza hupita katikati ya maadui hao wawili. Kwa hiyo chumvi ya Balangida kama ilivyo haifai hata kidogo kwa dirisha.

Tulitaka kuona kama yaweza kusafishwa. Hapa twakutana na tabia ya ajabu ya chumvi. Vitu vingi huyeyuka sana katika maji ya moto na kidogo katika maji baridi, hata ukipoza maji fuwele hutokea. Chumvi ya mezani haifanyi hivyo: gramu 100 za maji huyeyusha gramu 36 katika joto la kawaida, na 39 tu maji yakichemka. Kuipoza hakuleti kitu. Potasiamu kloridi huyeyuka gramu 34 katika joto la kawaida na 56 maji yakichemka, na kwa hiyo husafishwa kwa kupozwa tu. Sisi ilitubidi tuache maji yakauke polepole kwenye sahani, na kuyamwaga kabla hayajakauka yote, kwani salfeti hubaki katika maji ya mwisho. Tulirudia mara tatu. Tulipata fuwele za mraba, kubwa yao kama punje ya mahindi, na zilipoyeyushwa tena bariamu kloridi haikuonyesha weupe.

Jibu kwa mjomba, basi, lilikuwa hili: chumvi ya Balangida yaweza kusafishwa, lakini hakuna mwenye leza atakayeifuata, kwa sababu chumvi iko kila mahali, Uvinza, pwani na baharini, na bei ya dirisha haitokani na chumvi. Inatokana na kazi ya kuitoa ile sehemu moja katika milioni ambayo bariamu yetu haiwezi hata kuionyesha, na ile ya kuikuza fuwele bila ufa. Mjomba alisema kumbe gunia ni la bure na maarifa ndiyo yenye bei. Mimi nilimwambia ya kwamba gunia si la bure kwa ng'ombe.

Adui mwingine wa dirisha la chumvi twamjua sote. Hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75, chumvi safi huanza kunywa maji ya hewani, ikalowa. Chumvi chafu hulowa mapema zaidi, kama tuonavyo masika katika vibuyu vya jikoni. Dirisha likilowa uso wake huharibika. Kwa sababu hiyo mabamba ya chumvi ya maabara huwekwa katika chombo kikavu, wala hayashikwi kwa vidole vitupu. Hata leo mabamba kama hayo hutumiwa katika vyuo vikuu kupimia kemikali.

Udhaifu huo ndio ulioiondoa chumvi katika leza nyingi. Mahali pake pamechukuliwa na zinki selenaidi, kitu cha rangi ya njano kinachopenyeka kwa macho. Hutengenezwa kwa kukutanisha mvuke wa zinki na hewa ya hidrojeni selenaidi, ambayo ni sumu kali, katika tanuri, hata kitu kigande juu ya mabamba tabaka kwa tabaka, kwa siku nyingi. Hufyonza yapata sehemu tano katika elfu kumi kwa sentimita, yaani zaidi ya potasiamu kloridi iliyo safi, lakini haijali masika. Jemaniamu pia hutumika, ila ina tabia mbaya: kadiri inavyopata joto ndivyo inavyofyonza zaidi, na kadiri inavyofyonza ndivyo inavyopata joto, hata ikaharibika.

Na almasi? Watanzania twamjua John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Almasi hufyonza mwanga wa leza hii kuliko chumvi, mara nyingi zaidi. Lakini hupitisha joto karibu mara tano ya shaba nyekundu na mara 300 ya chumvi, hata joto halipati nafasi ya kukaa katikati. Ndiyo sababu leza zenye nguvu nyingi sana hutiwa madirisha ya almasi, nayo ni almasi inayokuzwa viwandani kutoka katika hewa ya methani, kama ilivyokuwa yakuti ya Maiman. Almasi ya ardhini ilipata kutumika pia: chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Zuhura mwaka 1978 kilikuwa na dirisha la almasi, kwa sababu ya joto na asidi iliyoko kule.

Kwa leza zenye wimbi fupi, zile zinazochora saketi za kompyuta, hutumiwa fuwele ya kalsiamu floridi. Madini yake yalichimbwa kwa miaka mingi Kimwarer, katika bonde la Kerio, Kenya, ingawa yale yalikwenda zaidi katika viwanda vya chuma na kemikali. Floridi hiyo, ikiwa katika maji ya kunywa, ndiyo inayoyafanya meno ya watu wengi wa Arusha na Manyara kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani husema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja.

Msomaji atakayefika mjini, Arusha au Dar es Salaam, ataona maduka yanayochora majina juu ya vikombe vya michezo na mbao kwa leza ya kaboni dayoksaidi. Aombe kuonyeshwa lenzi. Ikiwa ni ya njano kama asali nyepesi, hiyo ni zinki selenaidi. Mafundi huifuta kila mara, kwa kuwa vumbi dogo likikaa juu yake hufyonza mwanga kuliko lenzi yenyewe, na lenzi hupasuka kuanzia pale. Ikipasuka, vipande visishikwe kwa mikono mitupu, wala vumbi lake lisivutwe puani.